Seti ya chini haitulii: vipandikizi viwili, vinne, au nibaki nilivyo?

*"Nina miaka 63. Niling'olewa meno ya mwisho miaka tisa iliyopita, na tangu hapo navaa meno bandia juu na chini. Ya juu hayana shida. Ya chini yanaruka nikiongea, yananichubua, na gundi haifui dafu. Daktari wa kwanza ameniambia vipandikizi viwili vinatosha, meno yatabaki ya kuvaa na kuvua. Wa pili anasema nisipoteze muda, niwekewe vinne na daraja la kudumu. Wa tatu alinitazama mdomoni tu akasema mfupa umekwisha. Nina kisukari cha miaka mingi, na kila Jumapili nameza kidonge cha mifupa. Nimesikia pia kwamba mwili unaweza kukataa chuma. Mume wangu naye, aliyepoteza meno matatu ya nyuma yaliyofuatana, ameambiwa vipandikizi viwili vitabeba yote matatu. Je, si kulipua kazi huko? Nimsikilize nani?"*

Shikamoo, mama. Kabla hatujafika kwa hao madaktari watatu, niseme kuhusu wazo ambalo naliona limejibanza ndani ya swali lako: kwamba vinne ndiyo tiba kamili, na viwili ni vya kupooza tu. Sivyo. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walitoa tamko kwamba kwa mtu asiye na jino hata moja kwenye taya la chini, chaguo la kwanza liwe seti ya kuvaa na kuvua inayoshikiliwa na vipandikizi viwili, yaani skrubu za titani zinazopandwa kwenye mfupa wa taya. Wenzao wa Uingereza waliunga mkono jambo hilo mwaka 2009 kule York. Kwa hiyo daktari wako wa kwanza hakukupunja.

Tuanze na sababu ya seti ya juu kutulia na ya chini kukutesa. Seti ya juu imefunika kaakaa lote. Kati yake na kaakaa kuna utando mwembamba wa mate, na ukingo wake umezibwa na midomo na mashavu pande zote, hewa haipenyi, basi inang'ang'ania. Ya chini haina kaakaa la kushika. Imekalia ukingo mwembamba wenye umbo la herufi U, eneo lake ni kama nusu ya lile la juu, na katikati yake kuna ulimi usiojua kutulia.

Halafu ukingo wenyewe unapungua. Mfupa unaobeba meno upo kwa sababu ya meno. Kila unapotafuna, nyuzi zinazoushika mzizi huuvuta mfupa kidogo, na huko kuvutwa ndiko kunakoufanya mwili uendelee kuujenga. Jino likitoka, kazi imekwisha, na mfupa unaanza kulika. Mwaka wa kwanza unalika kwa kasi kubwa, baadaye polepole, lakini haukomi. Mtafiti Antje Tallgren aliwafuatilia wavaaji wa meno bandia kwa muda uliofika miaka 25, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1972 alionyesha kwamba ukingo wa mbele wa taya la chini hupungua karibu mara nne ya ule wa juu. Ndiyo maana watu wengi wanaotulilia wanalia na ya chini.

Hujasema kama seti unayoivaa ni ile ile ya miaka tisa iliyopita. Kama ndiyo, imetengenezwa kwa ajili ya ukingo ambao haupo tena. Jaribu hivi mbele ya kioo: ivae bila gundi, legeza ulimi uguse kwa nyuma meno ya mbele ya chini, kisha fungua mdomo nusu tu, taratibu. Seti iliyotengenezwa vizuri hubaki mahali pake. Ikinyanyuka papo hapo, huenda kingo zake ni ndefu mno, au haikukai tena. Nakuambia haya kwa sababu wapo watu ninaowaona wakiulizia vipandikizi ilhali walichohitaji ni seti mpya iliyopimwa kwa subira, au hii ya sasa kuwekwa tabaka jipya kwa ndani. Na hata ukienda kwenye vipandikizi, seti mbovu iliyofungwa kwenye vipandikizi vizuri itabaki mbovu. Itakuwa mbovu isiyoruka.

Sasa daktari wa tatu. Mfupa uliolika ni ule wa kubebea meno. Chini yake kuna mfupa wa taya lenyewe, na sehemu ya mbele, kati ya vitundu viwili vinavyopitisha mishipa ya fahamu ya mdomo na kidevu, kwa watu wengi husalia hata miongo kadhaa baada ya meno kuisha. Huwa pia mgumu, na huo ndio tunaoutaka. Kipandikizi cha kawaida kina unene wa kama milimita 4 na urefu wa milimita 8 hadi 12, na vipo vifupi zaidi. Macho na kidole havipimi mfupa. Eksirei ya taya zima inaonyesha kimo chake, na picha ya CT inaonyesha unene na mshipa wa fahamu ulipopita. Mpaka uwe umepigwa picha, neno "umekwisha" halina uzito. Kweli, wapo wachache ambao taya lao limebaki jembamba kiasi kwamba kulitoboa ni kuhatarisha livunjike. Hao hupelekwa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa mdomo na taya. Lakini hilo huonekana kwenye picha.

Kuhusu mwili kukataa chuma. Hofu hiyo imetokana na habari za figo na viungo vingine vinavyopandikizwa, lakini hapa utaratibu ni tofauti kabisa. Kipandikizi ni skrubu ya titani, si kiungo cha mtu mwingine, na kinga ya mwili haikishambulii kama inavyoshambulia figo ya kupewa. Katika miaka ya 1950 Per-Ingvar Brånemark, daktari wa Sweden, aliweka vyombo vidogo vya titani ndani ya mifupa ya sungura ili achunguze damu inavyopita. Alipotaka kuvitoa havikutoka. Mfupa ulikuwa umeota ukashikamana navyo. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya meno, na mtu huyo alivitumia kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki.

Vipandikizi hushindwa, ndiyo, ila kwa sababu nyingine. Mfupa ukitobolewa bila kupozwa kwa maji unaungua: nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu zinatosha kuua chembe zake. Vijidudu wakiingia, mfupa haushiki. Na kipandikizi kikitikiswa kabla ya wakati wake, badala ya mfupa huota nyama laini kukizunguka, sawa na nguzo iliyosukwasukwa zege likiwa bado bichi: hata zege likikauka, nguzo inacheza. Ndiyo maana tunasubiri. Kwa taya la chini tumezoea kungoja miezi mitatu hivi, juu ambako mfupa ni laini minne hadi sita. Wakati mwingine kipandikizi kinakaza sana tangu siku ya kwanza, hasa vikiwa kadhaa vimefungwa pamoja, na meno ya muda huwekwa mapema. Lakini anayekuahidi meno ya siku hiyo hiyo kabla hajaiona picha yako, mwulize anaona nini ambacho wewe hukioni.

Mambo mawili ya afya yako sasa, na la pili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote.

Kisukari kwanza. Kisukari kilichodhibitiwa hakikuzuii. Ambacho hakijadhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na hulea magonjwa ya fizi, na hapo ni busara kusubiri. Nenda ukiwa na kipimo cha karibuni cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Kikiwa karibu na asilimia 7 wengi wetu tunaendelea kwa moyo mweupe. Kikiwa juu ya 8 tunamrudisha mgonjwa kwa daktari wake kwanza. Hata umri wako si kizuizi, kwa sababu mfupa wa mtu wa miaka 80 nao hushika titani. Kama unavuta sigara, hilo lingenitia wasiwasi kuliko miaka yako.

Kidonge cha Jumapili, sasa. Dawa ya mifupa inayomezwa mara moja kwa wiki mara nyingi ni alendronati au nduguye risedronati. Dawa hizi huzuia mfupa usilike, lakini kwa kufanya hivyo hupunguza pia uwezo wa mfupa kujikarabati, na taya ni mfupa unaojikarabati kwa kasi. Kwa wachache, baada ya kung'olewa jino au kutobolewa taya, kipande cha mfupa hubaki wazi mdomoni wiki hadi wiki bila kufunikwa na ufizi. Kwa anayemeza vidonge kwa ajili ya udhaifu wa mifupa, uwezekano huo ni mdogo, ila unapanda kadiri miaka ya kutumia dawa inavyoongezeka, na ukichanganya na steroidi unapanda zaidi. Kwa anayechomwa sindano za dozi kubwa kwa sababu ya saratani, mambo ni mazito, na huyo kwa kawaida tunamshauri asiwekewe vipandikizi. Kwa hiyo daktari ajue jina la dawa, dozi, na mwaka ulioanza. Katika maelezo yako hakuna hata mmoja kati ya watatu uliyesema alikuuliza hilo. Kama kweli hawakuuliza, ambaye atakuuliza ndiye wa kumsikiliza. Na usiache dawa kivyako ili upandikiziwe. Nyonga ikivunjika ni balaa kubwa kuliko seti inayoruka, na ipo dawa nyingine ya mifupa, denosumabu, inayochomwa kila miezi sita, ambayo ukiiacha ghafla pingili za mgongo zinaweza kuvunjika moja baada ya nyingine.

Tuchukulie sasa kwamba picha ni nzuri, sukari imetulia na daktari wa mifupa hana pingamizi. Viwili au vinne?

Viwili huwekwa mbele, mahali meno ya chonge yalipokuwa, kulia na kushoto. Baada ya mfupa kushika, kila kimoja hufungwa kishikizo cha chuma kinachochomoza kidogo juu ya ufizi, kifupi kuliko unavyodhani. Ndani ya seti, upande unaogusa ufizi, huchimbwa vishimo viwili vinavyowekwa kikofia cha chuma, na ndani ya kikofia mna pete ya nailoni. Ukiibonyeza seti mahali pake inalia *tak*, kulia, kisha kushoto. Kama seti yako bado ni nzuri, vikofia vinaweza kuwekwa humo humo bila kutengeneza mpya. Haitaruka tena ukicheka wala ukipiga chafya. Lakini nikuambie kweli: nyuma bado imelala juu ya ufizi, kwa hiyo ukitafuna kwa nguvu utaihisi ikibonyea kidogo, na punje zitaingia chini yake kama zinavyoingia sasa, pengine kwa uchache. Zile nailoni nazo huchakaa. Kwa wengine hudumu mwaka na zaidi, kwa wengine miezi michache, na kuzibadilisha ni kazi ya dakika chache kwenye kiti. Usiichukulie kuwa hitilafu. Ziliwekwa pale zichakae zenyewe badala ya chuma.

Vinne vyenye daraja la kudumu ni jambo jingine. Viwili vya nyuma mara nyingi huinamishwa ili vikwepe mshipa wa fahamu, na daraja zima hukazwa kwa skrubu ambazo daktari peke yake ndiye anayezifungua. Huvui usiku. Haligusi ufizi, kwa hiyo halichubui, na nguvu ya kutafuna inarudi kwa kiasi kikubwa. Wanaolipata wengi wao hulipenda, sitakuficha. Ila kuna nafasi nyembamba kati ya daraja na ufizi, na chakula huingia humo kila siku. Unatakiwa upitishe viburashi vyembamba na uzi wa meno mnene chini ya daraja, kuzunguka kila nguzo, jioni hata jioni, ukiwa na miaka 63 na ukifika 80. Mikono ikianza kutetemeka au macho kufifia, seti ya kuvua ina faida: unaivua unaiosha, vishikizo viwili unavipiga mswaki, umemaliza. Halafu kwenye daraja la vinne, kipandikizi kimoja kikishindwa mpango mzima unatikisika, wakati kwenye seti unaweza kuendelea na kimoja huku ukingoja kingine.

Lipo pia jambo wagonjwa hawaelezwi mapema. Seti yako ya juu imetulia leo pia kwa sababu seti ya chini haina nguvu ya kuisukuma. Ukiweka meno ya chini yaliyokita, nguvu zote za mbele zitakuwa zinaipiga ya juu, na baada ya miaka mfupa wa mbele wa juu unaweza kulika zaidi na seti ya juu ikaanza kulegea. Hatari hiyo ipo kwa viwili, na kwa daraja la kudumu huchukuliwa kwa uzito zaidi. Mpangilio mzuri wa meno husaidia, ili ya mbele yasigongane kwa nguvu, na seti ya juu ikaguliwe kila mwaka. Na ikitokea siku ukataka vipandikizi vya juu, usije ukaambiwa viwili. Juu mfupa ni laini na uwazi wa hewa pembeni mwa pua uko karibu. Kwa seti ya kuvua tunataka vinne au zaidi.

Mimi, kwa uliyonieleza, ningeanza na viwili. Una dawa ya mifupa, una kisukari, na unachokilalamikia ni seti kuruka na kuchubua. Viwili vinatibu hicho kwa kutoboa taya mara mbili tu. Na mlango haujafungwa: mfupa ukiruhusu, unaweza kuongeza baadaye. Kama kwako kuvua meno usiku ndiko kunakouma, hiyo ni sababu halali kabisa ya kutaka vinne, mwambie daktari waziwazi.

Mzee naye asiwe na wasiwasi. Vipandikizi viwili kubeba meno matatu yaliyofuatana ni kazi ya kawaida: viwili vinakaa kwenye ncha, na jino la katikati linaning'inia kati yake. Kusukuma cha tatu katikati mara nyingi hakuongezi kitu, na nafasi ikiwa finyu vipandikizi hubanana hadi mfupa ulio kati yao ukalika. Akipendekezewa kipandikizi kimoja kilichounganishwa na jino lake la asili, hapo aulize sana. Jino la asili limening'inia kwenye nyuzi na huzama kidogo likikandamizwa, kipandikizi hakizami hata kidogo. Ukivifunga pamoja, baada ya muda jino linaweza kudidimia au skrubu zikalegea. Na kama husaga meno usingizini aseme, atengenezewe kinga ya kuvaa usiku.

Upasuaji wenyewe kwa viwili hufanyika kwa ganzi ya kawaida, na wengi husema ulikuwa mwepesi kuliko kung'oa jino. Kwa siku za mwanzo daktari ataichimba seti yako upande wa ndani na kuiwekea tabaka laini ili isikandamize vidonda. Usiivae kabla hajakuruhusu. Uvimbe na michubuko ya kidevuni kwa siku chache ni kawaida. Yasiyo ya kawaida ni haya: uvimbe unaopanda chini ya ulimi, ulimi ukainuliwa, kumeza au kupumua kukawa shida. Hapo ni hospitali, idara ya dharura, saa hiyo hiyo, kwa sababu mshipa wa damu wa sakafu ya mdomo unaweza kuwa unavuja na kuziba njia ya hewa. Hutokea mara chache mno, lakini haingojewi asubuhi. Mdomo au kidevu kikibaki na ganzi muda ambao dawa ilipaswa kuwa imeisha, piga simu siku hiyo hiyo, usingoje miadi, maana kipandikizi kikiwa kinaugusa mshipa wa fahamu kinatakiwa kitolewe mapema.

Baada ya hapo, usimwamini anayekuambia kipandikizi hakiozi kwa hiyo hakina kazi. Kuoza hakiozi. Ufizi unaokizunguka ndio unaougua, na mfupa ukaliwa kimyakimya bila maumivu kwa miaka. Damu ukipiga mswaki, usaha, harufu, ufizi uliovimba kuzunguka kishikizo, kipandikizi kinachocheza, au mfupa unaouona kwa macho: lolote kati ya hayo, nenda ukaonwe. Pasipo hayo, nenda kila miezi sita kwa ukaguzi na kusafishwa, na usiku seti ilale kwenye maji, isilale mdomoni.

Miadi ijayo chukua seti zote mbili, hata ya zamani kama unayo, kasha la dawa ya mifupa, na majibu ya HbA1c. Na ukishawekewa vipandikizi, usiondoke bila karatasi yenye jina la mtengenezaji, aina na ukubwa wake. Vishikizo na skrubu za kampuni moja mara nyingi haviingiliani na za nyingine, na miaka kumi baadaye daktari mwingine akitaka kukubadilishia kitu, karatasi hiyo itamwonyesha bisibisi ya kutumia.